Kapsuli Mbili kwa Siku, Miaka Sita: Kisa cha Omeprazoli na Magnesiamu Iliyokwisha Mwilini

Umri, shughuli, majina ya vituo na mambo mengine ya kumtambulisha mgonjwa yameondolewa au kubadilishwa.

Usuli

Mama wa miaka 58, mkazi wa mji mdogo ukanda wa pwani ya Tanzania, ana shinikizo la damu kwa miaka 9 na kisukari kwa miaka 7. Kadi yake ya kliniki ilionyesha metformini gramu 1 asubuhi na jioni, amlodipini miligramu 5, na bendrofluazaidi (dawa ya presha ya kukojoza) miligramu 5 kila asubuhi. Magoti yakimsumbua hununua diklofenaki.

Dawa moja haikuwa kwenye kadi. Kwa miaka sita alikuwa akimeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miligramu 20, kapsuli moja asubuhi na moja usiku, akiinunua mwenyewe duka la dawa. Kliniki ilimuuliza dawa za presha na sukari, naye akajibu alichoulizwa. Omeprazoli kwake ilikuwa "ya tumbo", haikuhusiana na maradhi ya kliniki.

Ilianza kwa kiungulia na maumivu ya chembe. Kituo cha afya kilipima damu kutafuta H. pylori, bakteria anayeweza kuleta vidonda vya tumbo, jibu likawa chanya, akaandikiwa dozi ya siku 14: omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote kutwa mara mbili. Kisha akaambiwa aendelee na omeprazoli peke yake kwa wiki 8. Hadi hapo hakuna cha kushangaza.

Alipomaliza wiki 8 aliacha ghafla. Siku ya tano kiungulia kilirudi, kikali kuliko kile cha mwanzo. Alirudi kituoni, wakapima damu tena, jibu chanya tena, dozi ya siku 14 ikarudiwa. Baada ya mwaka mmoja na ushee, kituo kingine kilifanya yaleyale kwa mara ya tatu. Toka hapo hakuacha tena. Bahasha ya mwisho ya dawa aliyokuwa nayo iliandikwa "1x2", basi. Haikuandikwa siku ngapi.

Mfuatano wa matukio

Mwaka wa mwisho alianza kuhisi ganzi nyayoni, uchovu, na misuli ya miguu kumkaza usiku. Ganzi ikahesabiwa kuwa ya kisukari. Kukaza kwa misuli kukatibiwa kwa vidonge vya kalsiamu, pakawa na nafuu ndogo isiyodumu.

Kisha akaharisha siku nne. Kuharisha kulikoma, lakini vidole vikaanza kujikunja vyenyewe na midomo kuwaka ganzi. Siku ya sita alipelekwa hospitali ya wilaya. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi na sukari ilikuwa 7.9.

Aliyeona jambo lenyewe alikuwa muuguzi wa mapokezi. Alifunga mkanda wa kupima presha, akaujaza upepo, akageuka kuandika. Alipogeuka tena, mkono wa mama ulikuwa umekunjamana kwenye kifundo, dole gumba limeingia kiganjani, vidole vingine vimenyooka na kubanana. Hiyo ni dalili ya Trousseau. Hujaribiwa makusudi kwa kujaza mkanda juu kidogo ya presha ya juu ya mgonjwa na kuuacha kwa dakika 3. Mkono ukijikunja hivyo, mishipa ya fahamu imekosa kalsiamu, magnesiamu, au zote mbili.

Majibu ya maabara: kalsiamu 1.68 (kawaida 2.1 hadi 2.6), potasiamu 2.9 (kawaida 3.5 hadi 5.0), kreatinini 88, himoglobini 9.8. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha QT (muda ambao moyo huchukua kupiga na kujiandaa upya kwa umeme) iliyorefushwa hadi milisekunde 510, na hapo ndipo palipokuwa na hatari ya kifo, kwa sababu moyo wa namna hiyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya ovyo wakati wowote. Hospitali haikuwa na kipimo cha magnesiamu. Sampuli ilipelekwa hospitali ya mkoa.

Maamuzi wodini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kalsiamu glukoneti asilimia 10, mililita 10, kwa mshipa, taratibu kwa dakika 10, pamoja na potasiamu kwenye dripu. Misuli ililegea. Baada ya saa mbili ikakaza upya. Kalsiamu ikarudiwa, mambo yakawa yaleyale. Asubuhi potasiamu ilikuwa 3.0, yaani usiku mzima wa dripu haukupandisha chochote cha maana.

Daktari wa zamu ya asubuhi hakutafuta dozi kubwa zaidi. Aliuliza swali moja: ni kitu gani kikipungua huzuia zote mbili zisipande? Kalsiamu na potasiamu zinapokataa kupanda kwa pamoja huku figo ni nzima, wa kushukiwa kwanza ni magnesiamu. Tezi za parathairoidi, zinazotoa homoni ya kulinda kalsiamu, zinahitaji magnesiamu ili ziitoe. Figo nazo zinahitaji magnesiamu ili zizuie potasiamu isimwagike kwenye mkojo. Ukimwaga kalsiamu na potasiamu juu ya mwili usio na magnesiamu unajaza pipa lililotoboka.

Ndipo akamgeukia binti aliyekuwa akimuuguza. "Kuna dawa yoyote mama anakunywa ambayo haiko kwenye kadi? Hata ya dukani?" Binti akafungua mkoba, akatoa bahasha ya omeprazoli.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutosubiri jibu la mkoa. Magnesiamu salfeti ilikuwepo jengo la jirani, wodi ya wazazi, kwa ajili ya kifafa cha mimba. Ni ile ile. Chupa ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 50 ina gramu 5, kwa hiyo mililita 4 ni gramu 2. Zilichanganywa kwenye mililita 100 za maji ya chumvi na kupitishwa kwa saa moja, kisha gramu 6 nyingine ndani ya lita moja kwa saa 24. Kreatinini ilitazamwa kwanza, maana figo mbovu hukusanya magnesiamu hadi ikawa sumu. Kila saa, maarifa ya wodi ya wazazi yalifuatwa: goti ligongwe na mguu uruke, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti iwe kando ya kitanda kama kiuasumu. Kalsiamu na magnesiamu salfeti haziwekwi kwenye chupa moja wala mpira mmoja, hugandana.

Jibu la mkoa lilifika jioni: magnesiamu 0.29, na kawaida ni 0.7 hadi 1.0.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukata dawa. Omeprazoli ilisimamishwa siku hiyohiyo, bila kupunguza hatua kwa hatua. Bendrofluazaidi ikasimamishwa, kwa kuwa hufanya figo zimwage magnesiamu na potasiamu, na amlodipini ikapandishwa hadi miligramu 10. Diklofenaki ikabadilishwa kuwa parasetamoli. Kwa tumbo alipewa famotidini miligramu 20 asubuhi na jioni. Famotidini hupunguza asidi kwa njia nyingine na haina tabia hii ya kumaliza magnesiamu. Simetidini, iliyo rahisi kupatikana madukani, haikuchaguliwa kwa sababu huingiliana na dawa nyingi. Ranitidini haikuwa ya kufikiriwa: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni kwa sababu ya uchafu wa NDMA unaoweza kuleta saratani.

Matokeo

Siku ya tatu magnesiamu ilikuwa 0.74, kalsiamu 2.02, potasiamu 3.7, na QT ilikuwa imerudi 450. Siku ya tano aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku ya kumi magnesiamu ilishuka kidogo, 0.61, jambo linalotarajiwa maana akiba ya ndani ya mifupa na misuli bado hujijaza. Wiki ya pili ilikuwa 0.70, wiki ya nne 0.82, naye hakuwa akimeza nyongeza yoyote ya magnesiamu. Kwa macho yetu namba hiyo ya wiki ya nne ndiyo iliyofunga shauri: chanzo kiliondolewa, na mwili ukajisimamia.

Wiki ya tano alifanyiwa kipimo cha kuingiza kamera tumboni, kwa sababu mtu wa umri wake mwenye kiungulia cha muda mrefu na upungufu wa damu hapaswi kubahatishiwa. Hakuwa na kidonda. Alikuwa na henia ndogo ya kiwambo, yaani sehemu ya juu ya tumbo hupanda kifuani, nayo inaeleza kiungulia. Vinyama vilivyokatwa vilikuwa havina H. pylori.

Vitamini B12 ilikuwa chini. Metformini huipunguza, omeprazoli ya miaka mingi huipunguza, na mwanamke huyu alikuwa akimeza zote mbili. Alianza sindano za haidroksokobalamini miligramu 1, siku moja baada ya nyingine, kisha kila miezi miwili. Ganzi ya nyayo imepungua lakini haikwisha. Huenda sehemu yake ni ya kisukari kweli, na huenda sehemu nyingine ni ya B12 iliyochelewa kushughulikiwa.

Kulikuwa na mtelezo mmoja. Wiki ya tatu alikwenda zahanati kwa maumivu ya goti, akaandikiwa diklofenaki, na omeprazoli "ya kulinda tumbo". Mwenye zahanati hakukosea kanuni. Kumkinga mtu wa miaka 58 anayemeza diklofenaki ni jambo sahihi kwa wengi. Hakujua tu. Karatasi ya kuruhusiwa ilisema "upungufu wa magnesiamu, umetibiwa", haikutaja chanzo. Alimeza siku tano hadi binti alipoiona bahasha na kupiga simu wodini. Sasa ukurasa wa kwanza wa kadi yake una maandishi mekundu: ASIPEWE OMEPRAZOLI WALA DAWA ZA KUNDI LAKE (esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli). Kutaja majina yote ni muhimu. Kubadilisha omeprazoli kwa pantoprazoli kungerudisha tatizo lilelile.

Uchambuzi

*Kipimo cha damu kilichomhukumu mara tatu.* Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, na linarudiwa kila siku katika vituo vyetu. Kipimo cha damu cha H. pylori hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kukitumia kujua kama tiba imefaulu ni sawa na kupima majivu kujua kama moto bado unawaka. Kinachofaa ni kipimo cha choo cha antijeni (chembe za bakteria mwenyewe) au kipimo cha pumzi, navyo vina masharti yake: angalau wiki 4 tangu antibiotiki ziishe, na angalau wiki 2 tangu omeprazoli iachwe. Omeprazoli huwapunguza bakteria kiasi cha kufichika, hivyo mtu anayepimwa choo huku bado anaimeza anaweza kupewa jibu hasi la uongo. Katika kisa hiki dozi ya pili na ya tatu hazikuwa na msingi. Zilimpa mama antibiotiki za bure na, baya zaidi, zilimwaminisha kwamba ana ugonjwa sugu usiopona.

*Kiungulia cha siku ya tano hakikuwa ugonjwa uliorudi.* Tumbo linapokosa asidi kwa wiki kadhaa, mwili huongeza gastrini, homoni inayoliamuru litoe asidi. Dawa ikiondolewa ghafla, amri bado ipo na kizuizi hakipo. Asidi hufurika. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwachukua watu 120 wasio na ugonjwa wowote wa tumbo, nusu wakapewa esomeprazoli kwa wiki 8 na nusu nyingine dawa bandia. Wiki ya 9 hadi ya 12, baada ya kuacha, asilimia 44 ya waliomeza dawa halisi walipata dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Watu hao walikuwa wazima! Mama huyu hakuambiwa lolote kuhusu hili, na kila alipoacha mwili wake ulimpa ushahidi kwamba hawezi kuishi bila kapsuli.

*Dozi iliongezwa kufidia saa mbaya.* Alikuwa akimeza baada ya kula, ya usiku akiwa kitandani. Omeprazoli hujishikiza kwenye pampu za asidi zilizo kazini tu, na pampu huamshwa na chakula. Dawa yenyewe haikai kwenye damu. Nusu yake huondoka kwa takriban saa moja. Ukimeza umeshiba, inafika pampu nyingi zimeshalala tena. Saa yake ni dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, kapsuli nzima bila kutafuna, kwani punje zilizomo zimepakwa ngozi ya kuzilinda zisiharibiwe na asidi kabla ya kufika utumboni. Huhitaji siku tatu hadi tano kufikia nguvu yake kamili, kwa hiyo si dawa ya kumeza pale tu unapowaka. Tunaamini kapsuli moja, kwa saa yake, ingemtosha mama huyu tangu mwaka wa kwanza.

*Kwa nini magnesiamu.* Dawa za kundi hili hupunguza ufyonzwaji wa magnesiamu utumboni kwa baadhi ya watu. Ripoti za mwanzo za wagonjwa zilichapishwa 2006, na Machi 2011 FDA ilitoa tahadhari: wengi walikuwa wametumia zaidi ya mwaka, na katika takriban robo ya visa kuongeza magnesiamu peke yake hakukutosha hadi dawa iliposimamishwa. Si jambo la kila mtumiaji. Lakini huyu alikuwa na matundu matatu ya kuvujia: omeprazoli utumboni, bendrofluazaidi kwenye figo, na mwisho kuhara. Mtu anayemeza dawa ya kukojoza ya kundi la bendrofluazaidi pamoja na omeprazoli kwa zaidi ya mwaka anastahili kupimwa magnesiamu hata asipolalamika. Penye ukosefu wa kipimo, potasiamu iliyo chini bila sababu iwe kengele.

*Kilichofanywa vizuri.* Kutosubiri maabara, na kwenda kuchukua dawa wodi ya wazazi, vilimwondoa hatarini. Swali la dawa ya dukani liliulizwa siku ya pili. Lingeulizwa mapokezi siku ya kwanza, usiku ule wa dripu zisizofanya kazi usingekuwepo. Kuanza na kalsiamu hakukuwa kosa, mgonjwa mwenye mkakamao na QT ndefu huhitaji kalsiamu. Kosa lilikuwa kuirudia bila kujiuliza kwa nini ya kwanza haikudumu.

*Dukani.* Muuza dawa alimwona mara nyingi kuliko daktari yeyote. Nchini Marekani pakiti ya omeprazoli inayouzwa bila cheti cha daktari huandikwa mwisho siku 14, na isirudiwe kabla ya miezi 4. Kwetu bahasha ina "1x2". Kuongeza tarehe ya mwisho juu ya bahasha hiyo kunachukua sekunde tano na kalamu. Muuzaji pia aulize dawa nyingine. Anayetumia atazanaviri hapaswi kuuziwa omeprazoli kimyakimya, kwa kuwa atazanaviri huhitaji asidi ili ifyonzwe na tiba ya VVU inaweza kushindwa. Anayetumia dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, hana shida na omeprazoli, bali na vile vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au aluminiamu: dolutegraviri imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Mwenye klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asipewe omeprazoli wala esomeprazoli kabla daktari wake hajajua.

Kuacha, kwa mtu asiye na dharura

Mama huyu alikatishwa ghafla kwa sababu moyo haukuruhusu kusubiri, na alilipa kwa kiungulia kikali kuanzia siku ya sita hadi karibu wiki ya saba. Kilichomvusha ni kwamba safari hii aliambiwa mapema kitakuja na kitaondoka. Aliongezewa dawa ya maji ya kutuliza asidi baada ya kula, chakula cha mwisho kikawa saa 3 kabla ya kulala, na miguu ya kitanda upande wa kichwa ikainuliwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haisaidii. Hukunja tumbo tu.

Asiye na dharura anaweza kushuka polepole. Kutoka kapsuli mbili hadi moja ya asubuhi kwa wiki 2 hadi 4, kisha moja kila baada ya siku moja kwa wiki 2, kisha kuacha, huku kidonge cha kutafuna kikiwa karibu kwa siku za moto. Asipimwe wala kuanzishiwa dozi mpya kwa sababu ya kiungulia cha wiki za mwanzo, isipokuwa akipata choo cheusi kama lami, akatapika damu, chakula kikakwama kikimezwa, au akapungua mwili bila sababu. Hao waende hospitali siku hiyohiyo, wasiende dukani.

Na kuna wasiopaswa kuacha kabisa bila daktari aliyewaandikia: aliyewahi kutokwa damu kwenye kidonda naye bado anameza aspirini au dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, mwenye michubuko mikali ya umio, mwenye umio wa Barrett (utando wa umio uliobadilika kwa kuchomwa na asidi), na mwenye uvimbe unaomwaga gastrini. Kwa hao kapsuli ya kila siku inaweza kuzuia kifo au saratani, na kinachotakiwa ni saa sahihi ya kumeza, dozi ndogo inayotosha, na kupimwa damu, B12 na magnesiamu kila mwaka kadiri hospitali inavyoweza.